Sichomi Bakgamoni Yangu

Jumanne moja, miezi mitatu iliyopita, naibu wa chifu alichoma mashine za kamari pale soko la Kasikeu. Moshi wa plastiki uliingia mpaka kwa kinyozi, na akina mama wakashangilia, kwa sababu mashine hizo zilikuwa zimewala vijana wetu. Hata mimi nilishangilia.

Jumamosi nilifika kanisani mapema kwa mazoezi ya kwaya, nikakaa kwenye benchi ya nje na kutoa mchezo wangu. Ni kitu cha kushika mkononi, kikubwa kama kitabu cha nyimbo, chenye kioo cha kijivu na vitufe sita. Ndani yake kuna bakgamoni. Wewe una kete kumi na tano, mashine ina zake kumi na tano, na zinapishana njiani. Dadu mbili zikitoa nne na mbili, unachagua mwenyewe kete ipi itembee. Anayezitoa zake zote kwanza ameshinda.

Nilifundishwa na Mzee Ndegwa, fundi wa reli mstaafu kutoka Murang'a aliyehamia huku. Niliajiriwa kumtunza alipopooza upande wa kulia. Yeye alitaja kete ya kusogeza, mimi nikabonyeza. Niliacha shule darasa la tano, na mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito, lakini mzee hakuniuliza mambo ya darasa. Aliniuliza, "Nthenya, kwa nini umeiacha kete hiyo peke yake? Itapigwa." Alipofariki mwaka jana, binti yake Kagure aliniachia mchezo. Siku hizi ninaushinda kwenye kiwango cha mwisho. Hakuna kitu kingine nilichowahi kukifikisha mwisho.

Pale benchini nikasikia mtu akipumua nyuma yangu. Alikuwa Mama Kimeu, mwenyekiti wa akina mama.

"Hizo ni dadu?"

"Ni dadu, mama."

"Uui! Mwiitu, binti wa Nduku! Kamari kwa nyumba ya Mungu!"

Kesho yake, baada ya ibada, niliitwa mbele ya watu wote. Mama yangu, Nduku, alisimama kando yangu akishika mkono wangu. Mzee Mulinge, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliuchukua mchezo, akaugeuza juu chini.

"Shilingi inaingia wapi?"

"Haiingii, mzee."

"Lazima iingie. Zile za sokoni zilikuwa na mdomo." Akakuta kifuniko cha nyuma, akakifungua kwa ukucha. "Mdomo huu hapa!"

"Hapo ni pa betri, mzee."

Akatoa shilingi ishirini mfukoni, akaisukuma. Ikakataa. Akajaribu ya kumi.

"Labda inakula za zamani," mtu akasema, na kwaya yote ikacheka.

Mama Kimeu hakucheka. "Chekeni tu. Mwanangu Evanson pia alisema ni mchezo, mpaka akauza mbuzi wangu wawili. Ichomwe leo, huyu msichana atubu, yaishe. Akikataa, benchi ya nyuma."

Benchi ya nyuma kwetu ni ya waliokosa. Ukikaa hapo huimbi kwaya, hushiriki meza ya Bwana, na hakuna anayekupa mkono, mpaka usimame mbele useme umetubu. Na kwaya ndiyo mahali pekee ambapo sauti yangu hutoka bila kuogopa.

"Sema umetubu, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Ni neno moja tu."

Niliuachia mkono wake.

"Pole kwa mbuzi, Mama Kimeu," nikasema. "Lakini sikuwauza mimi. Mchezo huu haujawahi kula hata shilingi. Sichomi. Na siwezi kumwambia Mungu nimetubu kitu ambacho sijakosa. Huo ndio ungekuwa uongo."

"Anajibu wazee!" Mama Kimeu akapaza sauti.

"Nimeulizwa, mama."

"Miezi mitatu," akasema Mzee Mulinge, bila kunitazama.

Niliuchukua mchezo mkononi mwake, nikaokota betri moja iliyokuwa imeanguka, nikatembea mwenyewe mpaka nyuma. Hakuna aliyenisindikiza.

Miezi hiyo ilikuwa mirefu. Mama alinipikia bila kuongea. Sokoni, wenzangu wa kwaya walinisalimia kwa kichwa tu, mikono wakiificha kwenye leso. Kila jioni nilicheza raundi moja mlangoni, mahali ambapo kila mpita njia angeniona.

Jumapili iliyopita muda ulitimia. Mzee Mulinge akaniita mbele.

"Nthenya, umetubu?"

"Bado natafuta kosa, mzee."

Watu wakaguna. Mama Kimeu akasimama. "Basi aongezewe mitatu!"

"Nitakaa, mama."

"Hata ikiwa mwaka?"

"Hata mwaka. Lakini mchezo ni wangu, na hauchomwi."

Sikungoja Mzee Mulinge aamue. Nilirudi kwenye benchi yangu. Wimbo wa kanisa zima ulipoanza, nilikumbuka kwamba, kwa upande wa kuimba, waliokosa wamekatazwa kwaya tu. Wimbo wa kanisa zima hawakukatazwa. Nikasimama, nikaimba sauti ya pili peke yangu huko nyuma, kwa nguvu zote nilizonazo. Vichwa vikageuka benchi baada ya benchi, na cha Mama Kimeu pia. Sikushusha sauti.