Tonge la Kwanza

Mume wangu mtaa mzima unamwita Honi, maana ndiye anayepuliza lile tarumbeta kubwa la bendi, linalomzunguka mtu mwili mzima kama chatu. Kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kongosho alikuwa na kitambi cha kuheshimika. Mimi ni fundi cherehani na suruali zake nashona mwenyewe, kwa hiyo sikuhitaji mizani ya hospitali kujua kwamba mwanamume yule anaisha. Nikipunguza kiuno leo, baada ya siku chache suruali inamvuka tena.

Na kula anakula! Hapo ndipo nilipochoka. Sahani ya wali na mchuzi wa kuku anaifagia yote, halafu tumbo linaanza kunguruma na yeye mbio chooni. Chakula kilikuwa kinampitia tu. Amekonda kama ng'onda. Daktari akamwambia akipungua tena atalazwa, alishwe kwa mpira wa puani. Tuliporudi nyumbani Honi alilifunika tarumbeta kwa shuka, akalisukumia nyuma ya kabati, nami nikalia jikoni nikisingizia vitunguu.

Dawa alikuwa nayo, boksi zima. Juu yake pameandikwa "kimeng'enyishi", neno ambalo mimi na yeye hatukuwahi kukutana nalo popote.

"Maana yake nini?" nilimuuliza.

"Maana yake ni dawa," alisema. "Na dawa humezwa baada ya chakula."

Hapo ndipo penye ukaidi wake. Zamani aliwahi kumeza vidonge tumbo likiwa tupu, akatapika mbele ya bendi nzima huku wamevaa sare. Tangu hapo kila dawa anaimeza nusu saa baada ya kula, na saa anaitazama kama mlinzi wa zamu. Ukimbishia anakwambia tumbo ni lake.

Siku moja kiongozi wa bendi akaja kutuamkia. Alizungukazunguka weee, mwishowe akasema onyesho la uwanjani linakaribia na itabidi watafute mpulizaji mwingine. Honi akamshukuru kwa adabu kabisa. Ile adabu ndiyo iliyonitia wazimu. Nilibeba boksi, nikaenda duka la dawa na sindano yangu ya kushonea bado imechomekwa kwenye gauni kifuani.

"Binti," nikamwambia mfamasia, "mume wangu amepasuliwa kongosho, akapewa dawa hii; nieleze hili neno. Usiniambie ni dawa ya tumbo, hilo najua."

Alikuwa msichana mpole, lakini hakutishika. "Kimeng'enyishi, mama, ni kitu kinachosaidia kumeng'enya chakula, yaani kukivunjavunja mpaka mwili uweze kukichukua. Kawaida kongosho hutoa majimaji ya kazi hiyo. La mzee limekatwa, halitoi ya kutosha. Kwa hiyo hivi vidonge havimponyi. Ni vibarua wa kumsaidia kazi."

"Basi vibarua wake wavivu!"

"Anavimeza wakati gani?"

"Nusu saa baada ya kula. Hakosei hata dakika."

Akajishika shavu. "Jamani, mama. Anawaita vibarua gari la mzigo likiwa limeshaondoka!"

Nilimtazama. Kicheko kikaanza kunipanda, na machozi nayo yakapanda humohumo, mpaka wateja wakanipisha nafasi. Akanieleza taratibu: kimoja na tonge la kwanza, kingine katikati ya mlo, vile alivyoandikiwa na daktari. Hata akinywa chai ya maziwa. Asivitafune. Kuuliza si ujinga, na mimi siku hiyo niliuliza mpaka msichana wa watu akaniletea kiti.

Mezani Honi aliinua tonge. "Simama hapo hapo!" nikamwambia.

"Nimekosa nini?"

"Meza kidonge."

"Kabla sijala? Nikitapika utafua wewe."

"Nitafua, na nitaimba nikifua. Meza."

Nilimweleza habari ya vibarua na gari. Akameza. Akala akinitazama kwa jicho la pembeni, na katikati ya mlo nikampa kingine. Kisha akakaa ameshika tumbo, kama mtu anayemngoja mgeni mkorofi. Mgeni hakutokea.

"Limenyamaza," alininong'oneza.

"Kwani hospitali hawakukwambia?"

"Waliniambia mengi siku ile, mke wangu. Mimi nilisikia neno moja tu: utaishi."

Nikashindwa kumgombeza.

Wiki zilipita, mashavu yakarudi, tarumbeta likatoka nyuma ya kabati. Kiongozi wa bendi akaacha kutafuta mtu. Jana Honi alirudi kutoka mazoezini ameishikilia suruali kwa mkono, anacheka mbavu hana. Alipovuta pumzi ya noti ndefu, kifungo kiliruka kikampiga mpiga ngoma.

"Umenishonea suruali ya mtoto," akasema. "Itabidi ununue kitambaa kingine."

Niliigeuza ndani nje, nikamwonyesha. Kitambaa chote nilichokuwa nikipunguza kilikuwa kimekunjwa humo, pindo juu ya pindo. Fundi mwingine angekikata, maana kinafanya mshono uwe mnene na kinamwasha mvaaji.

Honi akapapasa yale mapindo. Kicheko kikaisha. "Kumbe ndicho kilichokuwa kinaniwasha siku zote," akasema. "Hukukata hata kidogo?"

"Ningekataje, na kiuno chako nilikuwa nakingoja kirudi?"

Akavuta kiti karibu na cherehani, akachukua kiwembe, akaanza kufumua mwenyewe.