Miti Isiyosubiri Mvua

Mama yangu ni mkunga, na sauti yake husikika wodi nzima. Husema kwamba siku niliyozaliwa nililia kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu. "Nikajua huyu tutahangaika naye," humalizia, kisha hucheka hadi kitambaa cha kichwani kinamlegea.

Hakosei. Kazini kwangu, kitengo cha ramani, kuna dada anayesimamia mtambo wa kuchapa. Kila asubuhi hunipokea kwa maneno yale yale: "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Haya, mwenzetu, huo mshindo tunausubiri tangu uajiriwe!" Mimi hutabasamu, nikawasha kompyuta yangu.

Mwaka ule tulikuwa tunachora ramani ya misitu na uoto wa asili wa mkoa mzima, ili baraza la mipango liamue wapi pahifadhiwe na wapi paruhusiwe kulimwa au kupandwa miti ya biashara. Kijani kibichi kilikuwa msitu. Kijani hafifu, vichaka. Njano, ardhi tupu. Setilaiti ilipiga picha, kompyuta ikapaka rangi, nasi tukaenda kuhakiki sehemu chache kwa miguu.

Kilima kilicho mkabala na mji kilipakwa njano.

Nilikuwa nimekipanda kilima kile pamoja na dada wa mtambo. Tulivuta kamba, tukapima vigogo, tukaokota mbegu. Ilikuwa miyombo mikubwa, imesimama bila jani kwa sababu ya kiangazi, na juu ya matawi kulikuwa na viota kila mahali. Dada alikumbatia mti mmoja, vidole vyake visikutane upande wa pili.

"Ardhi tupu imenenepa hii," alisema.

Kosa lilikuwa jepesi kuliona ukishalijua. Tuliifundisha kompyuta kwamba msitu ni kijani. Picha zikapigwa kiangazi, wakati miti ile imepukutisha majani yote. Kumbe shamba la mikaratusi upande wa pili wa mji, lililopandwa juzijuzi kwa mistari kama nywele zilizosukwa, ambamo hata ndege haimbi, lilipakwa kijani kibichi na kuitwa msitu wa daraja la kwanza.

Nilimwendea mkuu wetu. Tulimwita Sawasawa, kwa sababu alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi, na neno hilo ndilo alilofungia kila mazungumzo.

"Mkuu, kile kilima si kitupu."

"Sawasawa."

"Nafikiri tutumie na picha za baada ya mvua."

"Sawasawa, binti yangu. Awamu ijayo."

Awamu ijayo kusingekuwa na kilima cha kuzungumzia. Afisa upandaji, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, alishaotesha miche ya mikaratusi, na katapila zilikuwa zinangoja muhuri wa baraza. Njano ikipitishwa, miti yote ingeng'olewa kabla ya mvua za kwanza. Nilisema, "Asante, mkuu," nikaenda chooni, nikalia. Kwa adabu.

Asubuhi ya kikao, mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la kazi. Aliniangalia nikifunga viatu.

"Leo utasema?"

"Mimi ni wa kubonyeza tu, mama. Mkuu anaeleza, mimi nabadilisha picha."

"Watu hawali watu, mwanangu. Mimi nimewapokea wakati wa kuzaliwa. Hakuna hata mmoja aliyekuja na meno."

Nilicheka, nikatoka. Njia yangu ya kazini inapanda kidogo, na pale juu, kwenye kona ya duka la vioo, kilima kinaonekana chote. Tangu mwanzo wa juma nilikuwa nimeona wekundu fulani kule, nikadhani ni vumbi. Asubuhi ile jua lilikipiga ubavuni, nikasimama. Watu wakanipita huku na huku. Kilima kilichokuwa kijivu majuma yote yale kilikuwa chekundu kuanzia kiunoni hadi kileleni, wekundu wa shaba iliyosuguliwa. Na mvua haijanyesha hata tone.

Nilijua ni nini. Nilitamani mtu mwingine yeyote aliyejua angekuwepo, aseme yeye.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, viti vinavyolia ukijigeuza, na pazia zito lililofungwa ili picha za projekta zionekane vizuri. Mwenyekiti wa baraza, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alikaa kichwani pa meza. Afisa upandaji alikaa karibu na birika la chai. Mimi nilikaa pembeni na kompyuta.

Sawasawa alieleza, nikabonyeza. Bonde la mto, nikabonyeza. Shamba la mikaratusi, kijani kibichi, watu wakapiga makofi kidogo, nikabonyeza. Kikaja kilima, njano tupu, kama ganda la ndizi lililotupwa katikati ya ramani.

"Na hapa," akasema Sawasawa, "ni ardhi tupu. Inapendekezwa ifunguliwe kwa upandaji. Endelea, binti."

Kidole changu kilikataa.

"Endelea," akarudia taratibu, akidhani sikusikia.

Niliinuka. Kiti kikalia. Sikwenda mbele, mbele kulikuwa na macho mengi. Nilikwenda dirishani, nikashika kamba ya pazia, nikavuta kwa nguvu zote. Mwanga ukajaa chumbani na ile njano ukutani ikafutika.

"He! Binti!" afisa upandaji akafumba macho. "Sasa picha haionekani!"

"Ndiyo," nikasema. "Lakini kilima kinaonekana."

Wote waligeuka. Kilikuwa pale, dirisha zima, chekundu.

"Kinaungua?" mtu mmoja akauliza.

"Kiungue nini?" afisa upandaji akacheka. "Huo ni udongo. Udongo mwekundu, tena mzuri sana kwa mikaratusi."

Lakini pazia nilishalivuta. Nimeyavulia nguo maji, sina budi kuyaoga.

"Udongo ungekuwa mwekundu mwezi uliopita pia," nikasema. "Mwezi uliopita kilikuwa kijivu. Wote mlikiona, mnapita kila siku. Hayo ni majani."

"Majani mekundu?" akauliza mwenyekiti, akivaa miwani.

"Majani machanga, mama. Huzaliwa mekundu kama watoto wachanga, kisha hukua yakawa kijani. Nyasi husubiri mvua. Mahindi husubiri mvua. Miti hii haisubiri! Inachanua majani kiangazi hiki hiki, kwa maji inayoyatoa chini kabisa kwa mizizi yake yenyewe. Kompyuta tuliiambia itafute kijani. Hatukuiambia kwamba kuna msitu unaovua nguo kiangazi na kuvaa nyekundu kabla ya kuvaa kijani. Kosa si la kompyuta. Na wala si la kilima!"

"Binti," mwenyekiti akasema, "punguza sauti. Nakusikia."

Nilishika mdomo. Mlangoni, dada wa mtambo, aliyekuwa ameleta nakala, aliinamisha kichwa akicheka hadi mabega yakatikisika.

Mwenyekiti alimgeukia Sawasawa. "Mkuu wa kitengo, hili ulilijua?"

Sawasawa alichezea kalamu. "Aliniambia. Nikamjibu sawasawa." Akaniangalia, kisha akanyoosha mgongo. "Haikuwa sawa. Ramani hii naiondoa mezani mimi mwenyewe."

"Basi tusibishane na dirisha," akasema mwenyekiti. "Twendeni."

Tulikwenda na magari mawili, tukapanda kwa miguu. Chini ya miti ile mwanga wenyewe ulikuwa mwekundu. Nyuso zote zilionekana kama watu wanaoota moto. Nyuki walivuma juu yetu. Mwenyekiti alivuta tawi, akabonyeza jani kati ya vidole, akalikuta laini kama sikio la mtoto. Afisa upandaji alikuja wa mwisho, anahema. Aliegemea kigogo kimoja, akatazama juu, akatazama muda mrefu.

"Na miche yangu je?" akauliza, safari hii bila kicheko.

"Ipelekwe penye njano ya kweli," mwenyekiti akamjibu. "Huyu atakuonyesha."

"Haya, Mama Ramani," akaniambia, akijifuta jasho. "Tangulia, nakufuata."

Baraza lilitupa muda wa kuichora upya. Safari hii tulichukua picha za kila msimu, tukaziweka pamoja, na Sawasawa akavuta kiti akaketi kando yangu kutazama kompyuta ikifanya kazi. Njano ilianza kuondoka kwenye kilima. Kisha ikaondoka kwenye kilima cha nyuma yake, na ule mteremko wa kaskazini, na safu nzima hadi mpakani mwa mkoa, kama umande unaokaushwa na jua. Misitu ya asili ilikuwa pale siku zote. Shamba la mikaratusi likabaki mahali pake, likaitwa shamba.

"Tuipe rangi gani?" akauliza Sawasawa. "Si vichaka, si msitu wa kijani."

"Nyekundu, mkuu."

"Lakini kwenye ramani zetu nyekundu ni hatari."

"Itakuwa hatari kwa atakayeigusa," dada wa mtambo akaropoka kutoka nyuma, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye ufunguo wa ramani: nyekundu, msitu wa asili, usiguswe. Baraza likaipitisha bila mtu kupinga. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa afisa upandaji.

Lakini jioni ya siku ile niliyovuta pazia, nilimkuta mama mlangoni, bado yuko na gauni la kazi.

"Nasikia kilima kimepona," akasema. "Ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa sauti?"

"Mpaka mwenyekiti akaniambia nipunguze."

Mama aliweka mkoba wake chini. Alinitazama kama anavyowatazama wale watoto wachanga wanaochelewa kulia, pindi wanapolia hatimaye. Halafu akapiga kigelegele kilichofungua madirisha ya majirani wote, nami, pale pale mlangoni, nikaruka nikamjibu kwa changu.