Skrubu ya Nne

Pale chuoni Bochum, anayepata shahada ya uzamivu huvishwa kofia ya kadibodi iliyobandikwa vikorokoro vya miaka yake ya maabara. Mwiko ni mmoja tu: mwenyewe asiione kabla ya siku. Ndiyo maana Jumatatu ile mzee Kaczmarek, fundi wa karakana, alipomwona Wiebke mlangoni aliifunika meza yake kwa kitambaa haraka haraka.

"Toka! Hodi huijui?"

"Naazima bisibisi tu, mzee."

"Bisibisi, au macho yanakuwasha? Alhamisi si mbali, binti."

Alhamisi Wiebke Terhorst angetetea tasnifu yake. Miaka sita ya ujana wake ilikuwa imeliwa na leza moja ya semikondakta, ndogo kuliko punje ya mtama. Elektroni hujizungusha kama pia ya kuchezea, na katika leza ya kawaida nusu huzunguka huku, nusu kule. Wiebke alizipitisha kwanza kwenye utando wenye sumaku ili zote zielekee upande mmoja. Leza ikawaka kwa umeme mdogo zaidi, na mwanga wake ukajisokota upande huo huo. Akigeuza sumaku, mwanga nao unageuka. Tena kwa joto la kawaida la chumba, bila kugandisha kitu! Profesa wake alipoona alicheka kwa furaha, na yule si mtu wa kucheka.

"Haya, nikuonyeshe kimoja, vingine mwiko," Kaczmarek akasema, akatoa skrubu ndogo ya manjano. "Nimeiokota nyuma ya meza yako. Nilikuchongea nne za shaba za kubania hicho kidude chako. Kumbe umekifunga kwa tatu, mvivu wewe?"

"Ziko nne," Wiebke akasema.

"Ya nne umeitoa wapi?"

Aliitoa kwenye droo ya koridoni, Ijumaa moja miaka miwili iliyopita, ya kwake ilipodondoka na yeye akashindwa kuiona. Rangi ile ile, urefu ule ule. Nani angehangaika?

Alichukua bisibisi na ile skrubu, akaenda maabara, akafungua kibanio, akazisogezea skrubu zake nne kipande cha sumaku. Tatu zilitulia. Ya nne ikaruka ikanata. Ilikuwa ya chuma, shaba ni rangi ya juu tu. Miaka miwili, kila alipogeuza sumaku yake kubwa, skrubu hiyo ilivutwa, mara nyingine ikasukumwa, ikaiminya leza, na mwanga ukajisokota na umeme ukapungua kwa kuminywa huko. Elektroni hazikuwa na habari.

Akafunga ile ya Kaczmarek, akapima Jumanne kutwa. Aligeuza sumaku mara arobaini. Mwanga haukujali, na umeme uliohitajika ulikuwa ule ule wa leza ya kawaida. Elektroni zilipangwa vizuri mlangoni, lakini zilifika ndani zimeshavurugika, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzipanga.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, tusimsingizie umalaika. Lakini Jumatano asubuhi alikwenda kwa Profesa Ostendorf, akaiweka ile skrubu ya chuma mezani, akasema yote.

Profesa aliiokota. "Vipimo vya kabla ya skrubu hii unavyo, Bi Terhorst?"

"Ninavyo. Havionyeshi kitu. Nilidhani ni mimi nisiyejua kupima."

"Ulijua sana." Akavua miwani. "Basi kesho hakuna kitu. Na makala tuliyochapisha tutaiondoa, leo leo."

"Na mimi?"

"Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mradi nao umekwisha. Sina pa kukuweka, na nisikudanganye, sitapata."

Hakulia hapo. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kufungasha. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumchukia. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake, na shaba ya Kaczmarek ilikuwa shaba kweli.

Alhamisi, saa ile ambayo angekuwa mbele ya watahini, alishuka karakana kurudisha bisibisi. Kaczmarek alikuwa anapiga msasa, mgongo mlangoni.

"Weka hapo, binti," alisema bila kugeuka.

Kofia ilikuwa mezani, karibu kabisa na mlango: leza ya kadibodi, kikombe chake kilichovunjika, picha yake ya mwaka wa kwanza akicheka. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri kando yake. Hapakuwa tena na haja ya kumficha.