CV ya Nanyama na Simu ya Mchungaji

Kimanzi alikuwa na saiba ndogo ya kuchapia watu karatasi kwa kompyuta, ghorofani, mtaa wa nyuma ya River Road, na mlangoni alibandika karatasi iliyomtangaza kuwa bingwa wa CV zinazojibiwa. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza huwa zinajibiwa nini. Nanyama naye hakuuliza. Alitoka Kabiria asubuhi hiyo na bahasha ya vyeti kwapani, na dada yake, aliyekuwa akimlisha tangu amalize diploma, alikuwa ameshamwambia wazi: asipopata kazi kufikia Krismasi, atarudi naye nyumbani Bungoma kwa sikukuu, na akishafika abaki huko huko.

"Unataka kazi gani?" Kimanzi aliuliza.

"Ya ofisi. Administrator. Kuna kampuni Kitisuru inasimamia nyumba za kukodisha."

"Poa. Uko na experience?"

"Sina. Nimekuwa tu nikisaidia kanisani."

"Hiyo usiweke. Watadhani umekuja kuwahubiria."

Nanyama alikubali mara moja. Kwake kazi ni kitu chenye mshahara. Kanisani mtu hujitolea. Pastor Clifford mwenyewe alikuwa amemfafanulia jambo hilo kwa upole, hasa kila mwisho wa mwezi: thawabu yake iko mbinguni. Thawabu ya Pastor Clifford ilikuwa imeegeshwa nje ya kanisa, nyeupe, na vioo vyeusi.

Basi Kimanzi akafungua CV ya kijana mmoja aitwaye Kiarie, akafuta jina, akaandika la Nanyama. Huo ndio ulikuwa ubingwa wake wote. Kila aliyeshuka ngazi zile alikuwa mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya presha na bila kusimamiwa, na kila mmoja alipenda kusoma, kusafiri na kukutana na watu wapya. Nanyama hakuwa amesafiri kwenda popote pasipo na matanga, lakini alipoisoma ile CV alijipenda kidogo. Penye experience Kimanzi alimwandikia kwamba yuko tayari kujifunza.

"Referee wa kwanza, mtu wa kukushuhudia, weka mtu mkubwa," Kimanzi akamshauri.

Mkubwa aliyemjua ni mmoja. Jumapili ile Pastor Clifford aliipokea CV madhabahuni, hakuisoma, akaipaka mafuta ya upako na kuiombea kwa sauti iliyotetemesha mabati. Aliamuru milango ya makampuni ifunguke! Ombi hilo alikuwa amewaombea vijana wengi sana, na mpaka siku hiyo halikuwa limemletea hasara yoyote.

Siku ya usaili kule Kitisuru, nyuma ya ua uliopunguzwa vizuri kuliko nywele za watu wengi, Nanyama alikalishwa mbele ya mkuu wa ofisi, mama mmoja aitwaye Njambi ambaye tangu asubuhi alikuwa akisoma CV na sasa alionekana mgonjwa.

"Unapenda kusafiri," Njambi alisema. "Wote mliokuja leo mnapenda kusafiri. Sasa kazi itafanywa na nani?"

Nanyama alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Umewahi kuendesha ofisi?"

"Hapana, madam."

"Tutakupigia," Njambi akasema, na hakuna mtu Nairobi asiyejua maana ya neno hilo. Nanyama aliona Bungoma ikimjia na mabegi yake yote. Machozi yalimkaribia, akayazuia kwa hasira. Lakini Njambi alipoinua ile karatasi kuiweka kando, akaona doa.

"Hii ni nini? Ulikuwa unakula chapo?"

"Ni mafuta ya upako, madam. Pastor aliiombea."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Njambi akaonekana kupata nafuu. Alichukua simu, akapiga nambari ya referee wa kwanza, akaweka spika.

"Bwana asifiwe!" Pastor Clifford alinguruma.

"Amina. Mimi ni Njambi, napiga kutoka Kitisuru. Tunafikiria kumwajiri Nanyama. Ni mtu wa aina gani?"

Mngurumo ukashuka.

"Kumwajiri na awe anakuja huko kila siku?"

"Ndiyo, pastor. Ni kazi."

"Hapana. Zii, madam, hiyo mtanimaliza! Barua zote za kanisa anaandika nani? Ripoti ya sadaka anafanya nani? Harusi, matanga, tenti, viti, ni yeye anapanga. Wazee wakikosana ni yeye anawatuliza. Hata mimi, Jumanne sijui natakiwa wapi mpaka aniambie. Tafadhali chukueni mtu mwingine. Si Nairobi imejaa watu hawana kazi?"

"Na mnamlipa?"

"Kumlipa?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Huyo ni mtoto wa kanisa!"

Njambi alikata simu. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya "tayari kujifunza", akaanza kuandika yote aliyoyasikia.

"Kwa nini hukuweka haya?"

"Nilidhani ni kusaidia tu, madam."

"Anza Jumatatu."

Nanyama alifurahi mno. Lakini alipofika nje ya geti hasira ilikuwa imeshaipita furaha. Pastor alitaka anyimwe kazi; alimkaanga mchana kweupe mbele ya mwajiri, na mafuta ni yale yale ya upako!

Jumamosi Pastor Clifford alimpigia. Hakumpongeza. "Sasa kwa vile unatuacha, niandikie tangazo tupate mwingine. Nitalisoma kesho."

"Sawa, pastor," Nanyama akajibu kwa adabu zote.

Pastor Clifford hakuwahi kupitia tangazo kabla ya kulisoma. Kwa nini apitie, na Nanyama yupo? Jumapili alivaa miwani, akanguruma kama kawaida:

"Kanisa linatafuta katibu wa ofisi. Awe anajua kuandika barua, kuandaa ripoti ya sadaka, kupanga harusi na matanga, kutuliza wazee, na kumkumbusha mchungaji Jumanne anatakiwa wapi. Kazi hii ni ya mshahara, unaolipwa kila mwisho wa—"

Akasita, lakini akina mama walikuwa wameshapiga vigelegele, na ilibidi amalizie.

"—mwezi. Aliyewahi kusaidia kanisani aandike hivyo kwenye CV. Hiyo ilikuwa kazi."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Pastor Clifford aligeuza karatasi kutafuta kinachofuata. Nyuma hapakuwa na kitu. Akatazama kando ya madhabahu, mahali ambapo kwa kawaida Nanyama humnong'oneza, akakuta kiti kitupu. Nanyama alikuwa ameketi huko nyuma kabisa na waumini wengine, mikono mapajani, akingoja kuambiwa ibada inaendelea vipi.