Kipande cha Unyayo

…mmeizika wapi, eti wapi, jambo la kuuliziwa hilo huku watu wanachambua karafuu, na Mardhiya akainama zaidi juu ya jamvi, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, maana mama yake, Bi Mwanawema, amekwisha kuuliza na sasa anangoja, mguu wenye bendeji kaunyoosha mbele, "n'ambie mwanangu, ile nyama mlon'kata unyayoni mmeizika wapi?"… haikuzikwa, mama, imo kwenye friza ya maabara yetu Dar es Salaam, ndani ya kichupa chenye namba badala ya jina lako, lakini neno hilo utalitoaje mbele ya aliyekuzaa, anayejua kuwa kiungo cha Muislamu kikikatwa hufungwa kitambaa kikarudishwa udongoni, kama mkono wa marehemu Mzee Seif, uliotangulia kaburini mwenyewe angali hai akienda sokoni… na mama alipotia dole gumba kwenye fomu ya hospitali alidhani wataiangalia tu kisha waizike, naye Mardhiya akasema ndiyo mama, watazika, upesi upesi, kama anayembembeleza mtoto… "Taratibu, wavunja vichwa vya karafuu hivyo," mama anasema… taratibu, ndiyo, hata lile baka jeusi la unyayoni lilikuja taratibu, wakadhani ni piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, iliyogoma kutoka tangu harusi ya jirani yao Suhaila, na kila harusi iliyofuata mama akilizungushia majani ya kuchora, likawa ua, wanawake wakalisifu, ya Rabi, wamesifu saratani… na ile protini, ile wanayoisaka maabara katika nyama za wagonjwa, wale ambao saratani iliwaenea mwilini na wale ambao haikuwaenea, ili siku moja wajue mapema saratani ya nani itatambaa, katika kichupa cha mama ilikuwa juu, juu kupita wote, Mardhiya akarudia kupima, ikawa juu vilevile… lakini haijathibitishwa, mkuu wa maabara kasema mgonjwa haambiwi jambo lisilothibitishwa, na daktari kasema pembeni pa kidonda ni safi, arudi msimu ukiisha, basi arudi msimu ukiisha… na kama inatambaa hivi sasa, inapanda kwenye tezi za kinena, sisi tumekaa hapa kijijini Ole tunaogopea mvua isiharibu karafuu? "Nataka n'jue," mama anasema, sauti ya chini, kama anaagiza chumvi dukani, "siku yangu ikifika mn'weke karibu nayo. Sitaki kulala mbali na mguu wangu"… anajua, subhanallah, hakuambiwa na mtu na anajua, kumbe amekwisha kujichagulia pa kulala, peke yake, na binti yake msomi yuko hapa anamlinda na habari ambayo mwili umekwisha kumpa… haijathibitishwa, haijathibitishwa, ngao ya nani hiyo? Baba alikwenda, sasa na huyu, ninaogopa, mama, ninaogopa kubaki bila wewe, hilo tu, kwa mengine yote nimelifunika hilo… basi atasema, yote mawili, kwamba nyama haikuzikwa na kwamba wende Dar wiki hii, karafuu ziote ukungu zikitaka, na mama atalia, au atamkasirikia hadi kufa, na pengine wamekwisha kuchelewa, hilo nalo atalisema… jua bado li palepale, mama bado anangoja, na Mardhiya, ambaye tangu ashuke meli hajathubutu kufanya hivyo, akainua macho akamtazama usoni.