Sandali za Julai Milimani

Wewe unayesoma karatasi hii, Jumapili ulikuwapo kwenye kikao cha wazazi. Nilikuona. Nilipotaja theluji uliinamia simu yako, ukajifanya kuna ujumbe.

Basi nasimulia upya. Vijana kumi na wawili wa kanisa letu la Nechells, mjukuu wangu Sylvie akiwa mmoja wao, wanakwenda Lesotho, wilaya ya milimani kabisa, kupaka rangi shule kwa wiki tatu. Séverin, mwenyekiti wa safari, aligawa orodha ya mizigo: kaptura, fulana, sandali, mafuta ya jua. Julai! Alikumbuka kwetu Bukavu, Julai ni jua na vumbi. Akachungulia dirishani hapa Birmingham, jua. Akaandika. Mkongo mzima amuulize nani habari za hali ya hewa ya Afrika?

Nikasimama. "Séverin, kule Julai ni katikati ya baridi. Maji yanaganda ndani ya ndoo."

"Ah, Papa Héritier, unaanza tena!" Ukumbi ukacheka kabla hajamaliza. "Ni Afrika ile. Batoto banaishi Birmingham, baridi itabafundisha nini?"

"Hapa wana hita ukutani. Kule utawapa nini, pambio?"

"Unatuogopeshea wazazi bure, Papa."

Mwaka 1996 nilivunja mawe ya barabara katika milima hiyo. Dereva wetu Dagane, Msomali wa Mombasa, alipandisha lori saa nane mchana akiwa na shati moja tu, anapiga mluzi. Mimi nilikuwa na makoti mawili. Nilimwona, nikarudi kwenye sahani yangu. Theluji ikafunga njia, tukamfikia kesho yake. Alipona, lakini vidole vyake vitano vya miguu vilibaki hospitalini. Usidhani hasira hii yote ni juu yako peke yako; nusu ni juu yangu mwenyewe.

Basi Jumapili pale ukumbini nikatoa kadi yangu ya simu, nikampigia Marie-Claire, dada wa Uvira anayefundisha kwenye shule hiyo hiyo. Simu nikaiweka kwenye maikrofoni, wasikie wote.

"Kaptura?" Alicheka mpaka akakohoa. "Papa, bomba limeganda tangu wiki jana, tunayeyusha barafu jikoni. Waje na soksi za sufu, kofia, glavu, buti, koti la upepo. Blanketi nzito wanunue mjini kabla ya kupanda. Huku watu wanajifunika blanketi hata juu ya farasi. Waanze kupanda asubuhi, kwa gari la magurudumu manne yanayovuta yote, na chakula cha siku mbili, maana barabara ikifungwa hakuna atakayekuja. Siku ya kwanza wasikimbiekimbie, hewa ni nyepesi. Na wamsalimie chifu kabla ya kushusha mizigo. Lakini mbona hamkuniuliza?"

"Tulikuuliza habari ya rangi tu," Séverin akasema polepole.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Séverin akakunja orodha yake: "Imeshachapwa. Kila mzazi ajiamulie." Wazazi watatu wakaja kuniomba kalamu. Wengine mkakimbilia sambusa.

Jana nikaenda kwa binti yangu Thérèse, mama yake Sylvie. Begi la mtoto liko wazi kitandani: kaptura tatu, sandali juu.

"Everyone's taking sandals, Babu," Sylvie akaniambia.

"Na miguu yako ni ya everyone?"

Thérèse akanivuta kando. "Papa, usituaibishe mbele ya kanisa." Damu yangu mwenyewe! Anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa barafu. Nikavua koti langu, nikalisokomeza ndani ya begi, nikarudi nyumbani na shati. Lakini nina koti moja, na vijana ni kumi na wawili.

Basi la kwenda uwanja wa ndege linaondoka Digbeth Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Leo ni Jumanne. Weka karatasi hii chini. Nenda kwenye begi la mwanao sasa hivi, toa sandali, tia sufu na buti. Kisha mpigie Séverin, na usikate simu mpaka akubali kuchapa orodha mpya leo hii. Inuka!