Bei Tuliyokubaliana

Haya alinihadithia mke wa mjukuu wangu, Alhamisi ya juzi, mchana, tumekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha upasuaji. Mimi humwita mke mwenzangu, maana mjukuu wangu ni mume wangu tangu alipozaliwa, na yeye alinikuta. Sokoni wanamwita Jozi. Anauza viatu vya mitumba, na kutwa nzima ni kupaza sauti: "Jozi! Jozi! Hakuna cha mguu mmoja hapa!"

Mume wetu wanamwita Cheche, kwa sababu anachomelea vyuma. Miaka minne iliyopita bamba la chuma lilimwangukia akakatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Akapewa wa bandia, akarudi kazini, na wenzake wakawa wanamtania kwamba ana bahati, kiatu chake kimoja tu ndicho kinachonuka.

Mguu ule una soksi yake nene ya mpira laini. Inavalishwa kigutu kwanza, ndipo mguu unaingizwa, ili ngozi isisuguane. Soksi hiyo ndiyo iliyochanika. Fundi wa miguu pale hospitali aliigeuza mara moja tu.

"Hii imekufa," akasema. "Za kipimo chako hatuna, na sijui zitakuja lini. Agizeni nje. Na mguu usiuvae hivihivi. Kigutu kikichubuka utarudi hapa kwa jambo jingine kabisa."

Cheche akakaa nyumbani. Baada ya miezi miwili tajiri wake akatuma neno: tarehe moja wanaanza mageti ya shule mpya, akiweza kusimama siku hiyo meza yake ipo. Asipoweza, yupo mtu mwingine anasubiri. Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Jozi akakusanya hela za viatu, akaenda kwa wifi yake, mdogo wake Cheche, anayefanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi. Wifi mtu ana kadi ya benki na anajua mambo ya kununua vitu mtandaoni. Wakaipata soksi, kipimo kilekile, siku ishirini inafika. Dola tisini.

"Dola tisini ndiyo ngapi?" Jozi akauliza.

"Ngoja. Ukurasa wenyewe unajua tuko wapi. Unaona? Imeandika kwa pesa yetu. Elfu tisini na nne na mia tano."

Chini kabisa palikuwa na viduara viwili vya kuchagua, lipa kwa dola au lipa kwa pesa yako. Na maandishi mengine ya kijivu, madogo kama mayai ya chawa.

"Watu wanasema bora dola," wifi akasema, ila naye hakuwa na uhakika.

"Wifi, mimi bei nisiyoweza kuitamka siilipi. Bonyeza hiyo ya kwetu. Yeye kataja, mimi nimekubali, yamekwisha."

Wifi akabonyeza. Jozi akahesabu elfu tisini na nne na mia tano juu ya mashine ya fotokopi, noti moja moja, akarudi nyumbani anaimba. Cheche alipoambiwa akachukua chaki, akachora mistari ishirini na minane ukutani kando ya mlango, mmoja kwa kila siku mpaka tarehe moja.

Siku ya tatu wifi akamwita. Ujumbe wa benki ulikuwa umeingia. Wamekata tena elfu tatu na mia tatu, ada ya kununua nje ya nchi.

"Hiyo ni nauli yangu ya wiki nzima, wifi. Sisemi kitu, nakuonyesha tu."

Hapo ndipo Jozi alipopandwa na hasira, na nusu ya ile hasira ilikuwa aibu. Kula nauli ya wifi yako!

"Si tulikubaliana bei? Mtu akishataja bei akapewa, anarudije nyuma kukata tena?"

"Hilo si duka. Hiyo ni benki."

"Basi mmoja mwizi na mwingine kashika begi!"

Wenye kusubiri fotokopi wakacheka. Wifi akaenda kumhudumia mwalimu mmoja aliyekuja na mitihani, akaiacha simu mezani, ukurasa wa duka umefunguka. Mzigo ulikuwa umeandikwa "unatayarishwa". Na pembeni palikuwa na neno "ghairi".

Nyinyi ambao hamjawahi kuuza sokoni, niwaeleze. Kule bei ikishakubaliwa, muuzaji akiongeza hata shilingi moja, unamtupia kitu chake na unadai hela yako palepale, mbele ya watu. Atakupa, kama ulivyompa, noti zilezile zikiwa na joto la mkono wako. Jozi kafanya hivyo tangu yuko msichana. Akawaza, narudisha, hela inakuja, namlipa wifi nauli yake, halafu nanunua upya kwa dola tuone watasema nini. "Bibi," aliniambia, "nilijiona mjanja." Akabonyeza ghairi.

Wifi aliporudi na kuona, alikaa chini.

"Umefanya nini? Wameandika hela itarudi ndani ya siku kumi na nne."

"Siku kumi na nne? Wanaileta kwa miguu?"

Hakumwambia Cheche. Kila asubuhi mume wetu akawa anafuta mstari mmoja ukutani kwa kidole gumba, kisha anashika fremu ya mlango na kujizoeza kusimama kwa mguu mmoja, saa nzima, jasho linamtoka. Akasugua miwani yake ya kuchomelea. Akauliza, "Mzigo umefika wapi, mama?" Na Jozi anajibu akiwa amempa mgongo, "Uko njiani."

Hela ilirudi siku ya kumi na mbili tangu aghairi. Elfu themanini na tatu.

Jozi akafikiri nyingine bado inakuja. Akaenda benki na wifi yake, wakasimama foleni mpaka wakamfikia dada mmoja mpole, sauti ya chini, aliyewaeleza taratibu kama anamlisha mtoto.

"Mama, ulipochagua pesa ya kwetu, duka ndilo lililokubadilishia, kwa bei linayopenda lenyewe. Sisi tukakata ada yetu kwa sababu duka liko nje. Wakati wa kurudisha, duka likabadilisha tena, safari hii kwa bei ya chini. Na sisi tukakata tena kidogo."

"Lakini sikuchukua kitu! Soksi yenyewe sijaiona kwa macho."

"Najua, mama."

"Ningechagua dola?"

"Ungepoteza kidogo."

"Na ningenyamaza? Nisingeghairi?"

Yule dada akaitazama foleni nyuma yao. "Ingekuwa karibu kufika."

Zilibaki siku kumi na tatu, na soksi inataka ishirini. Hata angeokota elfu kumi na moja na mia tano zilizopungua, siku asingeziokota popote.

Alimwambia Cheche usiku wa kuamkia tarehe moja, mstari umebaki mmoja. Alitegemea matusi. Cheche akamwuliza tu kama bado ana ile fulana ya zamani ya pamba. Asubuhi akaichana vipande, akafunga kigutu, juu akazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, akauvaa mguu. Jozi akamshika mkono.

"Fundi wa miguu alisema nini?"

"Fundi wa miguu hanilishi."

Akasimama mezani kwake tangu asubuhi, akachomelea nguzo nne za geti. Wenzake wanasema hajawahi kunyoosha mstari vile. Saa sita tajiri alipita, akaona kwenye sakafu ya saruji alama nyekundu kila mahali kiatu cha kulia kilipokanyaga. Akamlipa siku nzima, siwezi kumsema vibaya. Akamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu," na jioni ileile meza ikapata mtu mwingine.

Kidonda kikaoza. Cheche akakificha kwa wiki moja, safari hii yeye ndiye aliyempa mkewe mgongo, mpaka homa ikamwangusha. Daktari akasema watakata tena, juu ya goti.

Ndivyo alivyonihadithia mke mwenzangu, amepakata mfuko wa nailoni. Ndani alileta viatu vya mumewe vya kutokea hospitali, vyote viwili, amevifunga kamba kimoja na kingine kama wanavyofunga sokoni visipoteane. Hakuwa amefikiri. Mikono ndiyo iliyofunga.

Nikamwuliza, "Na hiyo soksi, mkiiagiza tena wakishakata?"

"Haitamfaa tena, Bibi. Ile ni ya chini ya goti."

Saa nane wakamtoa. Amelala kwa dawa, mdomo wazi, shuka limelala bapa upande wa kulia kuanzia katikati ya paja. Wifi mtu akalia mpaka akachoka, akasinzia kichwa kimeegemea ukuta. Simu yake ikatetemeka mapajani, nikaiokota isianguke. Mimi kusoma ni kidogo, niliishia darasa la nne, lakini tarakimu nazijua. Lilikuwa tangazo la lile duka, picha ya soksi, bei ya zamani imepigwa mstari, mpya imeshuka, imeandikwa kwa pesa yetu. Nikaigeuza simu kifudifudi.

Jozi hakuiona. Alikuwa anahangaika na fundo la kamba za viatu, anataka kuvitenganisha ili mumewe akiamka asivione viwili. Fundo lilikuwa limekaza. Akajaribu kwa kucha, kisha kwa meno.

"Acha, mke mwenzangu," nikamwambia. "Nitafungua mimi."

"Nimekaribia," akasema. Kidogo kidogo vidole vikalegea, kichwa kikaniangukia begani, akalala, viatu vingali vimefungwa pamoja mkononi mwake.